Koliflawa Kwenye Kulabu

...na isitoshe koliflawa yenyewe imening'inia kwenye kulabu tangu jana mchana, dirishani kabisa pa bucha, mahali pa paja la ng'ombe, watu wameiona, mwalimu mstaafu ameiona kwa macho yake mawili akauliza bei ya kilo, sasa nani atasimama leo aseme haikutoka buchani, wakili gani, hakimu gani, hayupo, na Mzee Fupa, akiwa amechuchumaa mbele ya oveni ya mkewe, pua karibu iguse kioo, alijikuta anatabasamu peke yake kama mtu aliyeshinda kesi ambayo bado haijaitwa... ndani ya kioo mboga zilikuwa zimeanza kung'aa, koliflawa, karoti, brokoli, vitunguu vyekundu vilivyokatwa robo robo, zote zimelowa ile sosi aliyozipaka sasa hivi kwa brashi, pilipili ya Kikorea iliyochachushwa, asali, sosi ya soya, kitunguu saumu, tangawizi, siki kidogo, mafuta ya ufuta tone tu, na mama wa viungo, yule mwenye duka linalotazamana na bucha, alimwonya vizuri, Mzee Fupa, zichome kavu kwanza, mafuta na chumvi basi, sosi iwe mwishoni, na ukishaipaka usibanduke hapo, asali haina subira, ukigeuka kumsalimia mtu imeshakuwa mkaa, basi hakubanduka, magoti yanamlalamikia lakini hakubanduka, mwanamume aliyesimama kwenye gogo la kukatia nyama maisha yake yote ashindwe kuchuchumaa mbele ya karoti, haiwezekani, na karoti zenyewe amezikata zote sawa, unene mmoja, mshazari mmoja, ungezipanga mezani ukadhani zimetoka kiwandani, mkewe amekata karoti miaka yote katika nyumba hii na hajawahi kukata namna hii, ingawa hilo hatamwambia, ana akili zake... "Harufu ya nini hiyo, mama?" hiyo ilikuwa sauti ya binti yake kutoka chumba cha mbele, na mkewe akajibu, "Usiniulize mimi, mimi nimefukuzwa jikoni kwangu tangu asubuhi," halafu wakacheka wote wawili, halafu sauti zikashuka, wakarudi kwenye mambo yao ya vitanda vya watoto na nguo za watoto na mkunga aliyesema sijui nini, na Mzee Fupa akasogeza sikio mlangoni lakini macho yakabaki kwenye kioo.

Harufu, ameisikia harufu, vizuri sana, iendelee kumfikia, imwandae, maana leo anakula mezani, leo huyo mtoto atakaa kwenye kiti kama binadamu na kula mezani kwa baba yake, na neno la baba yake litabaki neno, halikuvunjwa wala halikupinda... kwa sababu neno alilisema, hilo hakatai, alilisema mwenyewe kwa kinywa chake, Jumamosi, bucha imefurika watu mpaka nje, binti yuko nyuma ya kaunta anamsaidia kufunga nyama kwenye karatasi, mwanafunzi wa kidato cha mwisho, akasema tu hivi hivi huku anafunga, baba, mimi nyama nimeacha, na yeye akauliza, unaumwa, akasema siumwi, akauliza, unawaonea huruma wanyama, akasema hata, baba, sipendi tu... sipendi tu! Angekuwa anaumwa angempeleka kwa daktari, angekuwa na huruma wangekaa wakabishana mpaka asubuhi, huruma ina majibu yake, lakini sipendi tu, mbele ya foleni ya wateja, binti wa Mzee Fupa, mtu ambaye wateja walimpa jina hilo kwa sababu hajawahi kuuza mfupa hata siku moja, huwapa watu bure wakachemshe supu, tena na mnofu umebaki juu yake, mtu wa namna hiyo anaambiwa na damu yake kwamba kazi ya mikono yake haipendwi tu, basi damu ikampanda kichwani, akapiga shoka kwenye gogo likasimama, akasema, kuanzia leo, asiyekula cha bucha yangu hakai mezani kwangu, na wateja wakacheka, walidhani ni utani wa baba na bintiye, lakini Kisiki hakucheka, wala hakulia, alisema, sawa, baba, akamaliza kufunga nyama ya mteja, akapiga fundo la uzi zuri kabisa... Kisiki, jina alilompa yeye mwenyewe mtoto akiwa bado anatambaa, kwa sababu alipotaka kukaa mahali ukijaribu kumwinua alikuwa mzito maradufu, na kisiki hicho kikaenda nyumbani siku ile, kikachukua sahani yake, kikapakua wali na maharage, kikatoka mlango wa nyuma, kikakaa kwenye ngazi, na hapo ndipo kilipokula siku hiyo na kila siku iliyofuata, akienda chuo akirudi, akipata kazi akija likizo, ngazi, ngazi, ngazi.

Na angekuwa ananuna, ee, angekuwa ananuna mambo yangekuwa rahisi, mtu anayenuna unamsubiri achoke, lakini huyu hakununa hata siku moja, alikaa kule nje mlango umeachwa wazi, sahani mapajani, akipiga soga na waliomo ndani kwa sauti ya juu, baba, umesikia habari za fulani, baba, ile mashine yako ya kusaga imetengenezwa, anacheka mpaka anapaliwa, na yeye Mzee Fupa huku mezani ana steki mbele yake anajibu kuelekea mlangoni kama anaongea na redio, na mkewe katikati anamtazama huyu, anamtazama yule, mpaka siku moja akasema, mzee, si ulifute hilo neno, ni neno tu, na yeye akasema, maneno yangu mimi hayana futio... na siku ya harusi, Mungu wangu, siku ya harusi, wageni wamejaa nyumba nzima, upande wa kwao mkwe wamekaa mezani wanasubiri bibi harusi aje wale pamoja, bibi harusi hayupo, wanamtafuta chumbani hayupo, kumbe yuko mlango wa nyuma na gauni lake jeupe, ametandika taulo kwenye ngazi, anakula viazi, na bwana harusi amekaa ngazi ya chini yake na suti yake, anakula viazi vile vile, na mama mkwe alipouliza kulikoni, Kisiki akasema, ni utaratibu wetu wa hapa nyumbani, mama, wala usijali... utaratibu wetu! Hakumsema baba yake kwa wakwe hata kwa nusu neno. Roho ilimuuma siku ile, na roho hiyo hiyo, afanyeje, ikajivuna, akasimama jikoni na kisu chake cha kukatia nyama ya sherehe akajiambia, tazama mtoto niliyezaa, tazama, mtoto kama huyu humpati popote, na akafungua kinywa amwite ndani, kinywa kikafunguka, sauti ikagoma.

Kingo za koliflawa zilikuwa zimeanza kukolea rangi, sosi ikichemka kwa mapovu madogo madogo pembeni mwa trei, na akakumbuka asiifunike, jamani asiifunike, maana majaribio ya kwanza, wiki ile mkewe alipokwenda kwa dada yake, alizichoma mboga vizuri sana, zikatoka na ukingo wa kukwaruza, halafu mkono ukafanya ulichozoea, akazitoa, akazifunika kitambaa, akaziacha zipumzike kama anavyopumzisha nyama ili maji yake yatulie, akarudi baada ya muda akakuta zimelegea kama tambara la kuoshea sakafu, akamwendea mama wa viungo, mama wa watu akacheka hadi akashika kaunta, Mzee Fupa, umezipumzisha, mboga zimechoka na nini mpaka zipumzike... haya, leo hazipumziki, leo zinatoka motoni zinakwenda mezani, ufuta juu, basi. Na nani aliyemwambia ajisumbue hivi, hakuna, alijiambia mwenyewe, mwezi uliopita Kisiki alipokuja, tumbo limeshakuwa kubwa, akala kwenye ngazi kama kawaida yake, akapiga soga kama kawaida yake, na alipomaliza akataka kuinuka akashindwa, akashika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, mkono mwingine chini ya tumbo, akavuta pumzi, akajaribu tena, na yeye Mzee Fupa, ambaye huinua nusu ng'ombe begani bila kuguna, alikuwa amekaa mezani anamtazama, mpaka mkewe ndiye aliyekwenda kumpa mkono... na leo kunanyesha, manyunyu tangu alfajiri, ngazi imelowa inateleza.

Akili ilimjia mwezi ule ule uliopita, akiwa ananoa kisu, ikamjia yote kwa mpigo, neno lilisema nini, neno lilisema cha bucha yangu, halikusema nyama, popote halikusema nyama, basi bucha ikiuza koliflawa, koliflawa si cha bucha? Akaacha kunoa. Akafunga duka mapema, akanunua kibao kipya na kisu kipya ambacho hakijawahi kuonja damu, maana hakuwa mjinga, mtoto asiyekula nyama hawezi kukatiwa karoti kwenye gogo la ng'ombe, akachemsha kulabu moja kwenye sufuria kama daktari anavyochemsha vyombo vyake, na jana mchana akafuta kioo cha dirisha, akatundika koliflawa, na watu wakaanza kupita, Mzee Fupa, umeishiwa, Mzee Fupa, huyo mnyama aliyechinjwa ana pembe au hana, na mwalimu mstaafu akataka kujua hiyo ni sehemu gani, ya bega au ya mgongo, akamjibu, ni ya kichwa, mwalimu, unaonekana unaihitaji, foleni nzima ikaangua kicheko, lakini mwalimu akanunua karoti mbili, zikapimwa, zikafungwa kwenye karatasi, kwa hiyo biashara imefanyika, mteja yupo, shahidi yupo, na hotuba nayo ipo, ameifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni, mwanangu, chakula hiki kimetoka buchani kwangu, kimetundikwa kwenye kulabu yangu, kimepimwa kwenye mizani yangu, kimekatwa na mkono wangu, sasa karibu mezani... na Kisiki atafanya nini, atakosa pa kutokea, atakaa, neno limesimama na mtoto amekaa, vyote viwili, safi kabisa, hesabu imetoka bila baki...

Mizani yangu. Hakujua kwa nini maneno hayo mawili yalimkwama, alikuwa ameyasema vizuri tu bafuni, mizani yangu, kimepimwa kwenye mizani yangu... kwa sababu alikuwa na mkata nyama zamani, mkono mwepesi, hajapata mwingine kama yule, anatenganisha mbavu kabla hujamaliza kumwamkia, na siku moja akamwona anampimia bibi mmoja asiyeona vizuri, na kidole, kidole kimoja tu, kimeegemea sahani ya mizani, hata usingekiona kama hukujua pa kutazama, akamfukuza kazi siku ile ile, watu wakamwambia, mzee, kwa kidole tu, akasema, ndiyo, kwa kidole tu, mizani ya bucha hii haijui kidole, na mpaka leo watu wanavuka mitaa kuja kwake kwa sababu hiyo, si kwa sababu nyama yake ina sukari... na koliflawa ile dirishani ni nini? Jibu, Fupa, usijitie hamnazo. Ile si koliflawa, kile ni kidole. Umechukua neno lako, ukaliweka kwenye mizani, ukaona halitoshi, ukaliegemezea kidole.

"...basi nikamwambia mkunga, mimi nyumbani kwetu hatuogopi uchungu," alikuwa anasema Kisiki kule mbele, na mkewe akasema, "Yaani wewe," na joto la oveni likampiga Mzee Fupa usoni, au haikuwa oveni, akakumbuka jambo ambalo hakutaka kulikumbuka, alilisikia akiwa kwenye korido, kitambo, kabla ya harusi, mkewe akimbembeleza mtoto kwa sauti ya chini, amembebea bakuli la mchuzi wa nyama, gusa tu kwa ncha ya ulimi, mwanangu, tone moja tu, neno litakuwa limetimia, uingie ukae, baba yako hatauliza tone ni tone au ni sahani, na Kisiki akasema, hapana, mama, nikigusa ili nipate kukaa tu, nitakuwa nimemdanganya baba... naam. Alilisikia kwa masikio yake akapita kimya kama mwizi, akaenda kulala. Mtoto alipewa kidole akakikataa. Miaka yote hii duniani kuna mtu mmoja tu aliyelichukua neno la Mzee Fupa kwa uzito wake wote, hakulipunguza, hakulipunja, hakulizungukia mlango wa nyuma, ingawa alikula kwenye huo huo mlango wa nyuma, mkewe alidhani ni maneno tu, wateja walidhani utani, wakwe wanadhani ni utaratibu wa nyumbani, yeye peke yake ndiye aliyelipima sawasawa, na sasa mwenye neno mwenyewe, mwenye bucha, ndiye anayemletea mizani iliyoegemewa... kifua kikamjaa, hakujua ni aibu au ni fahari, akaona ni fahari, fahari kubwa mpaka inauma, huyu mtoto nimemlea mimi, huyu amesimama nyuma ya kaunta yangu akaona ninavyopima, hayo mengine kajifunzia shuleni lakini hili kalichukua kwangu.

Sasa je. Kama neno ni neno, basi na aende kwenye ngazi, kwenye manyunyu, na tumbo lile, na mwakani mjukuu atakuwa ameanza kusimama, atatambaa mpaka mlango wa nyuma amfuate mama yake, au akishajua kusema atakaa huku ndani aulize, babu, mbona mama anakula nje, na babu atamjibu nini, atamwonyesha kulabu? Na kila wakija itabidi atundike, leo koliflawa, kesho kabichi, keshokutwa atundike maharage moja moja, atatundika mpaka lini, watu watasema mzee akili imeruka... au neno life. Hakuna cha katikati. Nyama ikishaharibika huikati pembeni ukauza kilichobaki, unaitupa yote, unaosha mikono, unafungua duka kesho yake ukiwa na heshima yako. Lilikuwa neno zuri, halina ubaya, lilitoka kifuani kwa mtu aliyependa kazi yake, lakini limekaa mno, limekaa kupita muda wake, na mtu wa bucha asiyejua kitu kilichokaa mno hafai kuwa na bucha. Basi. Akajaribu kulisema polepole, midomo tu, bila sauti, kaa ule, maneno mawili, mafupi kuliko jina lake mwenyewe, kaa ule, na ulimi ukawa mzito kama si wake, ile hotuba ndefu ya bafuni ilikuwa inateleza na haya mawili yanakwama, akatazama kioo, sosi imeshika, inang'aa nyekundu inayoelekea kahawia, utamu wa asali umepanda na pilipili iko nyuma yake inakuja taratibu, bado kidogo, dakika mbili tatu hivi... halafu akasikia kiti kinaburutwa kule mbele.

Kiti kinaburutwa, na hatua, hatua nzito za mtu anayebeba wawili, na mkewe anasema kitu, "...polepole, sakafu...", ameinuka, Kisiki ameinuka, anakwenda mlango wa nyuma, amesikia harufu imekaribia akajua chakula kinatoka, anakwenda kukaa mahali pake kabla hajaambiwa, anajua utaratibu, hajawahi kusubiri aambiwe, na ngazi imelowa, na Mzee Fupa akataka kusimama, magoti yakakataa, akashika mpini wa oveni, ukamchoma, akauachia, akakaa chini pwaa kwenye sakafu ya jiko la mkewe, na hapo chini sauti ikatoka, ile ile anayoitia wateja wa mwisho wa foleni, kubwa, imepasuka katikati, "Kisiki! Usiende nje!" na kwa kuwa sasa kimeshaanza kutoka na kitoke chote, "Lile neno langu la siku ile limekwisha, unanisikia? Nimelitupa. Usiniulize chakula kimetoka wapi, kimetoka sokoni, mimi nimekitundika tu buchani niwazugeni. Ule nyama usile, mimi sijui. Kaa mezani ule."

Akasikia mafuta yanavyotweta ndani ya oveni, akasikia manyunyu kwenye bati la jirani, akasikia mkewe anavuta makamasi, halafu sauti ya Kisiki, wala haikutokea upande wa mlango wa nyuma, ilitokea karibu, kwenye meza ya chakula, nyuma tu ya ukuta, sauti ya mtu aliyetulia kabisa, "Nimeshakaa, baba." Akasema, "Umekaa wapi?" Akasema, "Mezani. Nilitaka kwenda zangu kwenye ngazi kama kawaida, lakini mjukuu wako amegoma. Nikigeukia mlango wa nyuma, teke. Nikigeukia meza, anatulia. Nikasema, haya, wewe na babu yako mtajuana, mimi nakaa." Na mkewe akaanza kucheka huku analia, na Kisiki akauliza kama bado sana, maana wana njaa watu wawili, na Mzee Fupa akajibu, kwa sauti aliyojitahidi iwe ya kawaida, kwamba bado kidogo, mtu asimharakishe, asali haina subira lakini yeye anayo. Alibaki pale pale sakafuni mbele ya kioo, kiganja kinamuuma, mboga zinachemka kwenye sosi yake, akifikiri kwamba mtoto bado hajazaliwa na tayari hasukumwi, na kwamba kichwa kigumu namna hiyo hakikutoka upande wa mkewe.